Fundi Viatu Aliyeruka Ukurasa wa Kumi na Tisa

Saa moja asubuhi, ukungu haujauachia mlima Loleza, na Isakwisa Mwangoka tayari ameketi kwenye kigoda chake kando ya soko la Mbeya. Amebana kiatu kati ya magoti, anakipigilia soli ya mpira wa gari. Wauza maharage wanapita na vikapu vyao. Zamani wangesimama wakazungumza. Leo wanasema tu, "Ndaga, fundi," wanakwenda zao.

"Wananisalimu," anasema bila kuinua kichwa. "Hilo ndilo linaloniumiza. Wangenitukana, ningejua pa kuanzia."

Isakwisa ana miaka arobaini na miwili. Siku njema hupata shilingi tatu; siku ya mvua hata senti hamsini huikosa. Mwaka juzi, 1955, alikwenda Iringa kumzika shemeji yake, na kwenye duka la vitabu akanunua kijitabu cha kurasa thelathini na mbili kinachofundisha watu wa kawaida namna ya kuweka akiba na kuizalisha. Katika basi la kurudi, mwalimu mmoja alikisifu sana. Alisema anayeanza kujifunza mambo ya fedha aanze na hicho, akamsimulia njia nzima yaliyomo kurasa za mwanzo.

Basi Isakwisa akarudi Mbeya msomi. Mchana, soko likipoa, wanawake saba walimzunguka akawasomea. Palipotokea jambo la fedha, watu walisema, "Muulize fundi, ana kitabu."

Hawakujua kwamba aliishia darasa la pili. Herufi kubwa za vichwa vya habari alizimudu, maneno mafupi aliyabahatisha, na palipobaki alijaza kwa aliyoyasikia kwenye basi.

Mwaka jana, maharage yalipovunwa, akaja mtu aliyejiita Saulo, viatu vyake vyekundu kwa vumbi la Chunya. Alisema ana shimo la dhahabu na anatafuta washirika. Atakayetoa shilingi ishirini atapata arobaini kabla ya mvua.

Wanawake hawakumjibu. Walikwenda kwanza kwa Isakwisa.

"Kitabu kinasemaje juu ya mtu kama huyu?" aliuliza Tupokigwe, mjane muuza viazi. Alikuwa na shilingi sitini alizozitunza ili binti yake Yudith aingie shule ya kati.

Isakwisa alifungua ukurasa wa kumi na tisa. Maneno marefu yalimjaa machoni kama siafu.

"Wote saba wananitazama mdomo," anakumbuka. "Ningesema hapa sijui kusoma, mambo yangeishia pale pale. Niliona aibu. Nikafunika kitabu, nikasema: kinasema fedha isilale."

Wakatoa. Saulo hakuonekana tena. Isakwisa alipanda lori la mizigo hadi Chunya kumtafuta, akakuta shimo limejaa maji na mbuzi wanakunywa. Januari, wenzake walipokwenda shule, Yudith alijitwika kikapu cha viazi.

Lililomla Isakwisa moyo zaidi lilifuata hapo. Wanawake hawakumlaumu. "Kitabu kimetudanganya," walisema, na hata walimwonea huruma. Naye akanyamaza. Kwa miezi mitano alikiacha kitabu kibebe lawama zake.

Mwezi wa tano mwaka huu, Tupokigwe, aliyekuwa ameanza darasa la watu wazima kanisani, aliazima kile kijitabu ili ajizoeze. Baada ya wiki alirudi, akaketi, akasoma polepole, kidole juu ya mstari: "Usimkabidhi fedha yako mtu anayekuahidi faida kubwa kwa muda mfupi, mpaka umeiona kazi yake kwa macho yako."

Akainua uso. "Haya yalikuwamo siku zote, fundi?"

"Yalikuwamo, Mama Yudith."

"Uliyasoma ukatuficha?"

"Sikuweza kuyasoma."

Tupokigwe alikifunga kitabu. "Heri ungekuwa mwizi," alisema. "Mwizi ningempeleka polisi. Wewe nikupeleke wapi?"

Hakumtangaza. Alimtaka aseme mwenyewe. Jumamosi ile Isakwisa alisimama katikati ya vikapu akaeleza yote. Mmoja alitema mate. Mwingine alicheka mpaka machozi yakamtoka, na hayakuwa ya furaha. Waliobaki walijitwika mizigo yao wakaondoka.

Jumatatu iliyofuata aliingia darasani, mwanamume peke yake kwenye benchi la wanawake. Tangu hapo, kila alasiri saa tisa hufunga kazi akaenda kujifunza. Kila Ijumaa humpa Tupokigwe shilingi mbili za shule ya Yudith, na amezipokea zote bila kusema asante.

Siku hizi watu humuuliza Tupokigwe wasome nini. "Anzeni na kijitabu hiki cha Iringa," huwajibu, "kisha kile cha vyama vya ushirika. Ila kila mtu asome kwa macho yake."

Isakwisa ana mpango mmoja: kabla ya Krismasi awaite wale saba, awasomee kijitabu chote, mstari kwa mstari.

"Naogopa," anasema. "Yapo maneno bado yananishinda. Nikikwama mbele yao tena, itakuwaje?"

Tupokigwe, anayepanga viazi vyake jirani, amesikia. Hageuki.

"Ukikwama, sema umekwama," anamwambia. "Tutakungoja."