Maharage ya Kwenda Kisiwani

Mke wangu Walburga alizaliwa Ngumbo, ziwani. Mbele ya kijiji chao kuna kisiwa kidogo, na juu ya kisiwa alikuwa anaona kitu cheupe. Utotoni alidhani ni nyumba. Akamuuliza baba yake ni nyumba ya nani. Mzee Stephano akamjibu, "Ya wasichana wanaouliza sana." Hakumpeleka. Mtumbwini walipanda wanaume na nyavu.

Nikamuoa, nikampandisha huku Kitura, milimani. Miaka arobaini na mmoja. Alizaa saba, tukazika watatu. Alichuma kahawa, alilima, aliimba kwaya mpaka sauti ikaisha. Akija mchuuzi wa usipa, wale dagaa wa ziwani, kabla ya bei anauliza, "Kile cheupe cha kisiwani bado kipo?" Wanamwambia kipo. Ni nini, hawajui. Hawajapita karibu.

Mwaka juzi binti yetu wa mwisho, Gaudiosa, alimaliza chuo. Walburga akaniambia, "Baba Gaudiosa, ada zimekwisha. Sasa nipeleke."

"Wapi?"

"Kisiwani. Siku tatu tu. Nisife sijajua ile nyumba ya nani."

Yeye alifika darasa la nne. Mimi herufi nilipewa na katekista, za kusomea sala. Kwa hiyo yeye ndiye aliyeandika mpango, nyuma ya kalenda ya parokia. Ijumaa tunashuka. Jumamosi kisiwani. Jumapili misa hukohuko, jioni nyumbani. Akaibandika ukutani.

Tukaenda Mbinga kwa Muharami, muuza vyombo. Kwao ni ziwani pia, nauli na boti za huko anazijua.

"Watu wawili, kwenda na kurudi, bei ya chini kabisa," Walburga akamwambia.

"Mama, ya chini kabisa ni kuogelea."

"Mimi nitaogelea. Huyu je?" Akaninyooshea kidole. "Mmatengo huyu. Maji yakizidi ndoo anaita padri."

Muharami alicheka mpaka akashika meza. "Basi gesti achaneni nayo, laleni kwa ndugu zako. Unga bebeni wenu. Mdogo wangu Abdulhamid ana boti, atawavusha. Mtamchangia mafuta tu."

Hata hivyo fedha haikutosha. Fedha ya kahawa ilikuwa na kazi yake, paa lilikuwa linavuja. Nikasema mimi, siyo yeye: tuongeze kipande cha maharage.

Kwetu maharage tunapanda kwenye ngolo, yale mashimo ya mteremkoni. Mwanamume anafyeka majani, anayatandaza yakae miraba miraba. Mwanamke anachimba katikati ya kila mraba, udongo anafukia majani. Ndivyo tulivyokuta. Na majani yakishatandazwa hayangoji. Mvua ikiyakuta hayajafukiwa, inayashusha bondeni.

Mimi nilitandaza mengi. Nilikuwa na haraka ya kisiwa, mimi mwoga wa maji.

Miguu yake ilikuwa imevimba tangu Krismasi. Zahanati walimpa vidonge, wakamwambia aache jembe. Vidonge alinionyesha. La jembe hakuniambia. Nilisikia kwa Gaudiosa baadaye, yeye aliambiwa asiseme.

Lakini macho nilikuwa nayo. Anachimba mara tatu, anasimama, anashika mpini. Anahema kama aliyepanda mlima na mzigo. Nikamwambia, "Lete hilo jembe."

"Utaweza?"

"Kwani udongo unauliza?"

Nikafukia mraba mmoja. Nikafukia wa pili. Akakaa juu ya majani, akanitazama, akacheka kidogo. "Unafukia kama kuku," akasema.

Hapo akapita mdogo wangu Joakim na wenzake wawili, wanatoka kilabuni.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

"Loo! Siku hizi unafukia wewe? Na shemeji ndiye anatandaza?" Akawageukia wenzake, akaongeza, "Kaka, usiku gauni mnapeana zamu?"

Wakacheka. Na mimi nikacheka. Nikamrudishia Walburga jembe, nikachukua mundu wangu. Yeye akainuka. Akaendelea kufukia.

Kesho yake, saa nne asubuhi, nilisikia jembe halilii tena. Alikuwa ameanguka ndani ya shimo, amekunja magoti. Tukaita pikipiki ya kumpeleka hospitali. Tukamweka katikati, dereva mbele, mimi nyuma namshika. Tulipopita kijiji cha Mapera kichwa chake kikanilalia kifuani, kikawa kizito. Nilijua. Sikumwambia dereva. Nilitaka aendelee kwenda.

Miraba kumi na saba ilibaki. Tulipokuwa msibani mvua iliisomba. Iliyofukiwa, Gaudiosa alipanda. Julai tukavuna gunia moja na madebe mawili, Muharami akanunua. Hakubishana bei.

Nilipofunga unga kwenye mfuko Gaudiosa alisimama mlangoni.

"Baba, unakwenda kufanya nini huko?"

"Kuangalia nyumba."

"Nyumba gani? Mwenyewe hayupo."

"Ndiyo maana."

Ijumaa nikashuka. Nililala kwa shemeji zangu Ngumbo. Asubuhi Abdulhamid akanipandisha kwenye boti. Upepo ulikuwa mkali, nikatapika ugali wote. Nilikuwa nimefunga kiunoni kitenge cha Walburga, kile cha kwaya.

Kisiwa ni mawe. Hakuna kivuli, hakuna njia, kuna majivu ya wavuvi na bati la samaki lililotoboka. Nikapanda kwa mikono na magoti mpaka juu. Kile cheupe ni mavi ya ndege. Minandi wanatua hapo, wameyapaka mawe yote mpaka yanang'aa. Yananuka.

"Umeona ulichotaka, mzee?" Abdulhamid aliniuliza.

"Nimeona."

"Watu wa bara wakifika wanapiga picha."

"Sina simu ya picha."

Nilikaa kidogo. Nilikuwa nafikiri angesema nini. Angecheka, nadhani. Angesema baba yake alimdanganya. Angeniambia tushuke tukapike. Kwa ajili ya hayo mavi nilimrudishia jembe.

Jumapili sikukaa misa. Nilirudi.

Mwaka huu Machi nimetandaza majani, kipande kidogo, kile kile. Gaudiosa alitaka kuweka kibarua nikakataa. Nafukia mwenyewe. Juzi Joakim alipita, safari hii peke yake. Akaniona na jembe.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

Akasimama. Nikamngoja aseme. Akatazama chini, akavua kofia, akapita.

Kwa siku natoa mashimo manne. Yeye alikuwa anatoa kumi na mawili, na miguu ile.