Lindo la Koplo Hilaria

Mama Hilaria wa Mpepai ana miguu mibovu, presha ya kupanda, na ubishi ambao mimi, niliyeletwa hapa kutoka Rungwe kuwa muuguzi wa zahanati, nimeshindwa kuutibu. Nikimwambia apumzike, hupumzika mpaka nikimpa kisogo. Kesho yake utamkuta mlimani, kwenye shamba la mjane wa askari, akitengeneza ngolo, yale mashimo ya mteremkoni ambayo Wamatengo huyachimba ili mvua isibebe udongo. Kwa desturi wanaume hufyeka na kulaza nyasi, wanawake huchimba na kuzifukia. Hilaria hulaza nyasi, kisha huchimba. Ukimuuliza, anakwambia jeshini hakukuwa na jembe la kike.

Alitoka shule ya misheni Kigonsera akaingia jeshini, akabeba redio ya mawasiliano wakati wa Vita vya Kagera, akastaafu na cheo cha koplo. Umoja wa askari wastaafu wa hapa kwetu hauna ofisi. Una turubai moja, sufuria mbili kubwa, na Hilaria. Mwenzao akifa, wazee hawa huvaa bereti zao na kumsindikiza kaburini kwa hatua za gwaride, magoti yakilia, na hakuna anayethubutu kucheka. Lakini mimi nawapendea jambo jingine. Mwenzao akiugua na nyumbani hana mtu, wanamshikia lindo.

Siyo kumtembelea mgonjwa, jamani. Ni lindo. Wanapokezana kukaa naye, kumgeuza, kumwosha na kumnywesha uji, na hakuna anayeondoka bila kukabidhi. Wanasimama mlangoni wakitazamana: mgonjwa amekula hiki, dawa amemeza hizi, amri zilizopo ni hizi, jipya hakuna. Anayepokea anasema, "Nimepokea." Mara ya kwanza nilicheka. Nilipoona mgonjwa wao amelala miezi mitano bila kidonda hata kimoja mgongoni, nikanyamaza.

Mgonjwa huyo ni Mzee Steven. Kiharusi kilimlaza upande mmoja na kumwachia maneno machache, tena mazito. Mkewe Gertruda alikwishafariki. Mtoto wake ni mmoja tu, Edina, anayeishi Mbamba Bay, na hapo ndipo penye donda. Edina aliolewa na ofisa uvuvi, Mwislamu kutoka Kilwa. Mzee Steven, Mkatoliki asiyekosa misa, alikataa kuhudhuria, akatuma watu wamwambie binti asikanyage tena mlangoni kwake. Hata alipougua, amri ya kwanza aliyowapa walinzi wake ilikuwa hiyo: Edina haingii. Basi ikakabidhiwa lindo hadi lindo, pamoja na dawa na uji.

Kisha asubuhi moja, wakati Hilaria anamnyoa ndevu, mzee akaanza kulia. Akamwambia, neno moja moja, amwite Edina. Hilaria alifurahi mno. Alimpigia binti simu papo hapo, akabishana naye mpaka akakubali kuja. Na katika furaha hiyo, mwanamke ambaye hajawahi kusahau kukabidhi hata kijiko, akamkabidhi mwenzake uji, dawa na shuka safi, akasahau kufuta amri.

Siku Edina alipofika, zamu ilikuwa ya Sajenti Xavery. Huyo ni mzee mwembamba, mpole, na kwa amri ni kisiki cha mpingo. Mimi na Hilaria tulikuta amekaa mlangoni, na miguuni pake pana kikapu cha mbasa wakavu wa ziwani.

"Nani kaleta samaki?" Hilaria akauliza.

"Edina. Kaniamkia vizuri, nikamwambia, marahaba mwanangu, huingii. Kaacha kikapu, kaondoka."

"Na samaki umepokea?"

"Samaki hawakukatazwa."

Nilitaka kucheka, lakini nilimwona Hilaria uso umembadilika. Alishika mwimo wa mlango. "Amri ilibadilika, Xavery," akasema. "Ni mimi ambaye sikuikabidhi."

Simu ya Edina ilikuwa imezimwa. Tukasimamisha bodaboda, tukapanda mshikaki, muuguzi wa serikali na bibi mwenye presha, mpaka njia panda. Tulimkuta amekaa juu ya begi akisubiri gari la Mbinga. Alikuwa ameshamaliza kulia.

Hilaria hakuzunguka. "Kosa ni langu, wala si la Xavery. Baba yako aliniambia nikuite, nami sikuwaambia wenzangu. Rudi, mwanangu."

"Shangazi," Edina akasema, "nilipofukuzwa nililetewa maneno na watu. Nikiitwa naletewa maneno na watu. Mimi baba yangu sijamsikia."

 Hilaria alikaa chini kwenye vumbi kando yake, na sketi yake nzuri ya kanisani. Gari la Mbinga lilikuja likapiga honi. Edina alilitazama, akamtazama bibi aliyekaa chini na miguu iliyovimba, akasema, "Narudi kwa ajili yako. Lakini nikizuiwa tena, huu mlima nimeuaga."

Tukarudi. Xavery akasimama mlangoni.

"Mpishe," nikamwambia.

"Nesi, amri aliitoa Steven. Ataifuta Steven."

Nakiri nilitaka kumsukuma. Mtu mzima, mvi kichwa kizima, anamzuia mtoto wa mwenye nyumba kwa sababu ya taratibu za kambini! Nilimgeukia Hilaria nikitegemea amfokee, maana huyo akifoka hata kuku wanajipanga. Lakini alikuwa anamtazama Edina, siyo Xavery.

"Sajenti yuko sahihi," akasema taratibu. "Muulize mwenyewe. Kwa sauti, sote tusikie."

Hapo ndipo nilipomjua Hilaria ni mtu wa namna gani. Angeweza kuokoa uso wake kwa kumpitisha binti upesi, kosa lake likasahaulika. Badala yake aliliacha wazi mbele yetu, mpaka mwenye haki ya kusema aseme.

Xavery akageukia ndani. "Steven. Binti yako Edina yupo mlangoni. Aingie, asiingie?"

Kitanda kikalia. Tukamsikia akihangaika na ulimi wake. "A... ingie."

Edina hakusogea. "Sijasikia, baba."

Alikuwa amesikia. Hata jirani aliyekuwa anaanika kahawa yake alikuwa amesikia.

Mzee akavuta pumzi ndefu. "Edina. Ingia kwenu."

Xavery akapisha. Edina akaingia, akapiga magoti kando ya kitanda, akamwekea baba yake kichwa kifuani, na ule mkono mmoja wenye nguvu ukapanda ukatulia juu ya mtandio wake. Hilaria alibaki nje, ameegemea ukuta, akilia waziwazi bila kujifuta. Mimi nilikuwa nimeshika kipimo cha presha, sijui nampima nani.

Kisha mzee akasema tena, polepole, kila neno analitafuta. "Mkwe wangu... umemwacha wapi?"

Edina akainua uso. "Yuko stendi Mbinga, baba. Tulikuja wote. Alisema abaki huko, asije akakuudhi."

Mzee Steven alifumba macho. Alipoyafumbua, alimtafuta Xavery pale mlangoni.

"Nenda kamlete," akasema.