Mlango wa Mama Mchungaji

Nyumba ya zamani ya mchungaji ilijengwa na wamisionari wakati sehemu yetu ya Temeke ilikuwa bado kijiji cha minazi na mikorosho. Kuta zilikuwa za mawe na chokaa, nene kiasi kwamba nilipokuwa mdogo nililala dirishani. Boriti za dari zilikuwa za mikoko. Chumba cha mbele kilikuwa na mlango wake peke yake, wa mninga, uliofungukia barazani, ili mwenye shida amwone mchungaji bila kupita mbele ya familia.

Baba alikuwa mchungaji wa mwisho kukaa humo. Alipofariki, mchungaji mpya aliikataa nyumba, akasema inanuka popo, akajengewa nyingine upande wa pili wa kanisa. Mama akabaki. Alihamishia kitanda chake chumba cha mbele, maana kwingine kote kulivuja.

Miaka ikapita, kamati ya ujenzi ikakitaka kiwanja kwa ajili ya ukumbi wa harusi. Mama aliwaomba wamwache afie pale. Mwenyekiti, ambaye baba ndiye aliyembatiza na kumfungisha ndoa, alimjibu kwa upole kabisa kwamba kazi ya Mungu haiwezi kumsubiri mtu afe. Waungwana hawa hawamtoi mjane kwa nguvu. Waliamua tu kuiuza milango kwenye mnada wa Jumapili, kisha wangoje mvua na vibaka wamalizie.

Mnadishaji nilikuwa mimi. Kila Jumapili baada ya ibada nilisimama uwanjani kunadi sadaka za wasio na fedha: mayai, kuku, mikungu ya ndizi. Nilikuwa na mdomo. Yai moja niliweza kuliuza mara tano, kwa sababu kwetu mnunuzi akishalipa, watu humpigia makofi mpaka alirudishe kwa Bwana, linadiwe upya. Anayeondoka na yai lake huonekana mchoyo.

Mlango ule wa chumba cha mbele ningeweza kukataa kuunadi. Nilikubali kwa sababu nilipenda watu wakicheka, na kwa sababu nilichoka kuitwa mtoto wa yule king'ang'anizi.

Ulikuwa bado kwenye bawaba zake, ng'ambo ya uwanja, kila mtu akiuona. Niliusifu kwelikweli. Nilisema umesikia dhambi za nusu ya waliosimama pale, kwa hiyo atakayeununua awe na moyo mgumu. Walicheka mpaka wazee wakajifuta machozi. Ndipo mama, aliyekaa kwenye benchi la wajane, akanyoosha mkono. Alitaja kila alichokuwa nacho kwenye pindo la kitenge. Hakuna aliyeongeza dau juu yake, aibu iliwakamata. Nikahesabu mpaka tatu, nikamuuzia. Uso wake ulifunguka. Alidhani yamekwisha, na kwa muda mfupi hata mimi nilifurahi.

Kisha mtu mmoja nyuma akaanza makofi. Mazoea tu, sidhani kama alikuwa na ubaya. Uwanja mzima ukaitikia. Nami mdomo wangu, ambao ulikuwa ukisema maneno yaleyale kila Jumapili, ukayasema.

"Mama Mchungaji, tunaurudisha kwa Bwana?"

Makofi yakakoma. Mama alinitazama mimi, si wao.

"Urudishe," alisema.

Angesema nini? Mke wa mchungaji hawi mchoyo mbele ya kanisa. Nililijua hilo, na mwenyekiti alilijua. Yeye ndiye aliyeununua mara ya pili, na yeye hakuurudisha. Jioni fundi alikuwa ameshaung'oa pamoja na bawaba.

Sasa mama anakaa kwangu Mbagala. Nimempa chumba kizuri kuliko changu, na mlango mpya wenye kitasa. Yeye haufungi, hata akibadilisha nguo. Juzi nilikwenda kuufunga kwa sababu ya mbu. Akaniambia niache.

"Huu ni wako, mwanangu," alisema. "Siku ukitaka kuuuza, uza tu. Usiniulize mbele za watu."