Bando la Mtihani

Shemeji yake humwita Bibi Bando, naye haitiki. Kila asubuhi, kabla ya kugusa cherehani, fundi huyo wa nguo huketi mbele ya kompyuta ya sebuleni na kuziba mianya yote inayokula intaneti: programu zinazojisasisha zenyewe, picha zinazojipakua, video zinazoanza kucheza bila kuombwa. Kidole kilichojaa alama za sindano hushuka polepole kwenye orodha ya matumizi, kama anayesaka chawa kichwani mwa mtoto. Mwezi uliopita mtihani wake wa chuo, unaofanywa kwa video, ulikatika kwenye swali la tatu, kwa kuwa kompyuta ilijisasisha ikamaliza bando lote. Amepewa nafasi moja tu ya kurudia, kesho saa nne.

“Bao moja tu la mechi ya jana, shemeji. Video ya sekunde thelathini!” alimbembeleza leo shemeji.

“Bao lako ni swali langu zima. Kasikilize redio.”

Shemeji alikuwa bado amenuna mlangoni pale binti wa fundi alipopiga simu ya intaneti kwenye kompyuta hiyo kutoka bwenini. “Mama, nimesukwa! Washa video unione.”

Mkono wa fundi ulikwenda hadi kwenye alama ya kamera, ukasita. “Sauti inatosha, mwanangu. Nieleze.”

Akafumba macho, akainamisha sikio kwenye spika. Shemeji akasahau bao lake, akasogea naye kusikiliza.

“Mistari mingapi?” fundi aliuliza. “Na ya kushoto, imelalia wapi?”