Kitabu cha Bure cha Mercyline

Mercyline hakuwahi kuamini mifano ya kubuni. Katika chumba chetu cha kufundishia kompyuta pale mjini, ghorofani karibu na Mtaa wa Luthuli, mimi nilifundisha kwa bei za maembe na machungwa ya kubuni, naye akinicheka. Alisema mtu akiona kitu cha kweli kwenye skrini, hakimtoki kichwani. Ndivyo alivyoandika na mwongozo wake wa programu huria ya kuandikia, ile isiyonunuliwa. Kiswahili chepesi, picha kila ukurasa, halafu akautoa bure kwa dunia nzima.

Na alivyojivunia ile leseni! Ilisema yeyote anaweza kunakili, kuchapisha, kubadilisha, hata kuuza, mradi tu aliache jina la mwandishi. Bwana Kibe wa Spring Valley, mwenye seva zake za kuhifadhi tovuti, alimpa nafasi ya kuuweka mtandaoni bila malipo. Kila mara mtu alipoupakua, Mercyline alikuja mezani kwangu kunionyesha, utadhani mimi ndiye niliyewahi kumkataza.

Alikuwa na mdogo wake, Caren, mfanyakazi wa nyumbani kule Loresho. Hadithi yake niliijua baadaye. Caren alimtoroka mumewe, Jackton, huko Siaya, baada ya kipigo kilichomwacha na sikio moja bovu. Jackton aliapa mbele ya watu kwamba atampata, na akimpata atammaliza. Mahali alipojificha Caren, aliyepajua ni dada yake peke yake. Hata mama yao hakuambiwa, kwa sababu Jackton hakuacha kwenda pale nyumbani kumhoji.

Asubuhi moja Ryan, mwalimu wa chuo fulani cha ufundi huko Siaya, alimtumia Mercyline picha kwa WhatsApp. Wanafunzi wake walikuwa wameshika mwongozo uliochapishwa vizuri, jalada la rangi, jina la Mercyline juu. Akaniletea simu, meno yote nje. Akaikuza picha moja ambapo kitabu kilikuwa wazi kwenye somo la kutengeneza lebo za vifurushi. Hapo uso ukambadilika nikiuangalia.

Wakati akiandika somo hilo, alikuwa pia anamtumia Caren dawa ya sikio kwa boda. Lebo ilikuwa tayari kwenye skrini. Akaona atafute nyingine ya nini? Akaipiga picha: jina, namba ya simu, Loresho, geti jeusi ukipita kanisa, uliza Caren wa jikoni. Anwani zetu ndivyo zilivyo. Hazina namba ya nyumba, zina maelezo ya kumfikisha hata mgeni wa jana. Sote chumbani tuliusoma mwongozo kabla haujatoka, tukahangaika na nukta na mikato, na hakuna aliyeshtuka.

Mercyline alimpigia Bwana Kibe. Kibe hakuchelewa, aliiondoa picha ya lebo mtandaoni papo hapo. Lakini akamweleza kwa upole kwamba nakala ambazo watu wameshachukua ni zao sasa, na ruhusa aliyoitoa haiwezi kurudishwa. Mercyline aliyajua hayo kuliko sisi sote. Alikuwa akiyafundisha.

Kisha akampigia Ryan, akamwomba avikusanye vitabu vyote. Ryan alicheka, akidhani ni mambo ya makosa ya uchapaji, kisha akasema maneno ambayo niliyasikia vizuri kwa sababu simu ilikuwa kwenye spika.

"Lakini mwalimu, hiyo page ndio wamependa. Kuna jamaa wa evening class, Jackton, alisema huyo Caren ni bibi yake. Alifurahi sana, akaomba aende na kitabu. Hajarudi class tangu hiyo siku."

Mercyline aliketi chini sakafuni. Alimpigia Caren mara nyingi na Caren hakushika. Nilifunga chumba tukaondoka pamoja, naye njia nzima akirudia neno moja: nimemuuza, nimemuuza. Mimi nami niliogopa, sioni haya kulisema. Tulipoingia barabara ya Loresho, kila mwanamume aliyetujia mbele alikuwa Jackton mpaka atupite.

Mlinzi wa geti alituambia bila wasiwasi wowote kwamba jana alikuja bwana mmoja mpole, ana kitabu mkononi, akimwulizia Caren. Kwa kuwa mwenye nyumba hakuwepo, alimwambia arudi leo jioni. Nikamwomba amwite Caren haraka.

Caren alitoka akijifuta mikono kwa aproni. Mercyline akamwambia yote palepale, bila kujitetea. Caren hakulia wala hakumlaumu. Aliingia ndani, na muda si muda akatoka na begi. Muda huo haukutosha hata kukunja nguo. Nikaelewa kwamba siku zote alizoishi pale begi lilikuwa limefungwa tayari.

"Twende kwangu Kangemi," Mercyline akasema, amelishika begi. "Ama nikutafutie mahali, niko na watu."

"Hapana, dada."

"Basi niambie unaenda wapi. Nitalala aje bila kujua?"

Caren akaitoa mikono ya dada yake kwenye begi, taratibu.

"Nakupenda sana," akasema. "Lakini wewe ukijua kitu, lazima ufundishe watu."

Akashuka kuelekea Waiyaki Way bila kugeuka. Tangu siku ile simu yake haipatikani. Mercyline akipigiwa na namba asiyoijua, hupokea upesi, na mpaka asikie sauti ya anayepiga, hapumui.