Kadi ya Bafuni

Baada ya kiharusi kumnyang'anya Peigi maneno, ofisi ya ustawi wa jamii kisiwani ilimtuma Rhona na mfuko wa kadi za picha. Akatandika mkeka mdogo juu ya meza ya jikoni: kulia Peigi aweke anachotaka, kushoto asichotaka. Mwisho mkeka ungepigwa picha, na huo ndio ungekuwa mpango wa kumtunza.

"Mpango ni wako, mama," alisema Rhona. "Na wewe Murdina, leo ufunge mdomo."

"Miaka thelathini nimeufunga, leo ndiyo itanishinda?" Murdina, binti yake Peigi, alijibu, akimimina chai.

Kanisa likaenda kulia. Skonzi kulia. Kadi ya mchezo wa bingo Peigi aliirusha sakafuni.

"Makubwa! Bibi bado mkali!" Rhona akacheka.

Ikaja zamu ya kuoga. Rhona aliweka picha mbili: mhudumu mwenye sare, na Murdina. Peigi akamsogeza mhudumu kulia. Picha ya binti yake akaiweka kushoto, akaibonyeza kwa kidole.

Murdina alihisi kama kapigwa kofi. Aliacha shule amuuguze baba. Kaka yake alikwenda Glasgow, akaoa, akabaki mtu wa salamu za Krismasi. Yeye aliyebaki, leo hata kumwogesha mama hafai, bora mgeni!

Rhona alipotoka kufuata simu garini, Murdina akabadilisha nafasi za zile picha mbili. Peigi alimwona. Akafumbua mdomo, ikatoka "aa, aa" tu.

"Kunywa chai, mama, inapoa."

Rhona aliporudi alidhani Peigi amebadili mawazo, akapiga picha.

Miezi sita Murdina alimwogesha. Kila asubuhi Peigi alifumba macho, akivuta taulo kwa mkono wake mmoja mzima ajisitiri. Murdina alichelewa kuelewa: mama hakuikataa mikono yake. Alikuwa akiona haya kuvuliwa nguo na mtoto aliyemzaa. Tangu hapo akawa anasubiri Rhona arudi, mama apange upya.

Rhona akarudi na mkeka wake. Zamu ya kuoga ilipofika, Peigi aliichukua picha ya binti yake, akamtazama kwanza Murdina kama anayeomba ruhusa, kisha akaiweka kulia.

"Hapana, mama," Murdina alisema. "Weka unapotaka wewe."

Peigi akaibonyeza palepale, kwa kidole.

"Ameshasema, dada," Rhona alimkemea kwa upole. "Usimlazimishe."

Akainua simu, akapiga picha.