Nililaza Gitaa Mapajani

Vidole vitatu vya mkono wangu wa kushoto vilibanwa na mashine katika karakana ya reli, Gerezani. Vilipopona vilikuwa vimekakamaa, havikunjiki. Kariakoo nzima ikanipa pole. Wiki ya kwanza nilizipokea. Baadaye zikanikera, maana kila aliyesema pole alikuwa ameshanizika kama mpiga gitaa.

Kiongozi wa bendi yetu hakupoteza muda. Nafasi yangu alimpa mwingine, mimi akaniletea manyanga. "Tikisa tu, ndugu yangu, ili uwe nasi." Nikamwambia akamtikisie mama mkwe wake.

Katika hoteli ya Mwarabu mmoja, mtaa wa pili, ilikuwapo santuri ya bluzi, muziki wa Wamarekani weusi, iliyoachwa na baharia. Gitaa lake lilivuta sauti kama mtu anayelalamika. Mwenye hoteli alisema baharia yule alimweleza kuwa mpigaji hulaza gitaa mapajani na kutelezesha chuma juu ya nyuzi. Chuma! Fundi wa Gerezani akose vyote, atakosa chuma?

Nikakata kipande cha bomba la shaba, nikakibana kati ya gumba na vile vidole vikaidi. Nikachomeka kijiti chini ya nyuzi, mwisho wa shingo, zinyanyuke zisigonge mbao. Kisha nikazikaza upya, ili zote sita zikipigwa bila kushikwa ziafikiane. Miezi miwili gitaa lilitoa kelele za paka, nami nikakaza uzi.

Alasiri moja likalia sawasawa. Nilifumba macho, nikaliacha lilie. Nilipoyafumbua, mama mwenye nyumba alikuwa mlangoni, kanga kichwani, na nyuma yake wanawake wa ua mzima. Barazani mpangaji mmoja alikuwa ameshatandika mkeka wa waombolezaji.

"Mwanangu, nani katutoka?"

"Hakuna, mama. Nafanya mazoezi."

Alinitazama, akalitazama gitaa, akajifuta uso kwa hasira. "Basi rudia, maana machozi nishayaanza."

Nilirudia. Jumamosi nikaenda kwenye mazoezi ya bendi, nikawapigia. Kiongozi alikuna kidevu.

"Hii si dansi, haya ni matanga."

"Matangani watu hujaa," nikamjibu. Wenzangu wakacheka, naye akashindwa kukataa mbele yao. Akanipa wimbo mmoja katika dansi la kesho yake, kwa sharti: nikae nyuma ya ngoma, watu wasiuone mkono ule.

Mkono ule! Ndio ulionilisha tangu nianze kazi.

Jumapili mchana ukumbi ulijaa. Wimbo wangu ulipofika nilibeba kiti changu, nikakiweka mbele kabisa, nikakunja mkono wa shati hadi kwenye kiwiko. Nikaanza. Waliokuwa wakicheza wakasimama. Mtu akasema, "Masikini," nikamsikia, nikazidi kukandamiza shaba. Ubeti mzima hakuna aliyeinua mguu. Sikuinamisha uso.

Kiongozi akaja nyuma yangu, akanong'ona, "Rudi nyuma, unatuaibisha."

"Ninyanyue wewe," nikamwambia kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia.

Alisimama pale, mikono ikining'inia. Nikaanza ubeti wa pili.